Kisanduku Chenye Nyota Nyekundu

…na neno bado ni lile lile, Kaburi, limekaa katikati ya kioo baina ya Kisima na Nguzo ya umeme kana kwamba vyote ni vitu vya ukoo mmoja, Je, ndani ya kiwanja kuna kimojawapo kati ya hivi, Ndiyo, Hapana, na mkono wake juu ya kipanya umeshaanza kutoka jasho, na nyuma yake mchora ramani, mwenye kompyuta hii, anasema tena, bonyeza Hapana, dada yangu, kila mtu anabonyeza Hapana, ukibonyeza Ndiyo ombi linapelekwa idara ya afya, litoke huko wajukuu zako wameota ndevu, na mdogo wake anacheka, kicheko cha mtu ambaye mawe yake ya msingi yameshamwagwa na mwenye nyumba anakopanga ameshamwambia ahamishe mke na watoto kabla ya mvua, dada unasoma nini muda wote huo, hiyo ni fomu ya kibali cha ujenzi, si barua ya posa, na mchora ramani naye anachekea puani, nasoma, anajibu yeye, na mdogo wake, mwache, huyu hata kiberiti anakisoma pande zote mbili… kila mtu anabonyeza Hapana, sawa, lakini kiwanja kimeandikwa jina lake yeye, kifungua mimba, na tamko pale chini linaanza na Mimi, halafu majina yake matatu, halafu nathibitisha, na yeye ndiye aliyeambiwa shika pembe ya shuka, mwanangu, usiivute, baba akichimba mwenyewe kule pembeni nyuma, udongo mkavu, sururu ikidunda kama imekutana na chuma, na mama ameketi mlangoni pa kibanda walichoanzia, kichanga mmoja mikononi, mmoja tu, wakati jana yake walikuwa wawili… pale pale ambapo sasa msingi wa chumba cha watoto utapita, ameuona kwenye ramani, mstari mweusi, umenyooka, hauna habari. Baadaye baba alipoomba kibali cha ile nyumba ya vyumba viwili iliyopo kiwanjani aliomba kwa karatasi, yeye akamsindikiza, karani dirishani akalamba kidole gumba akafunua ukurasa mmoja mmoja hadi kwenye pambizo alipoandika baba kwa penseli, Hapa paachwe, akauliza, paachwe kwa nini, mzee, baba akasema, paachwe tu, wakatazamana, karani akakohoa, akagonga muhuri, na pakaachwa, miaka yote pakaachwa, mama hakupafagia wala hakupapanda kitu, wote wawili wakaondoka duniani pakiwa pameachwa… na kioo hiki hakina pambizo, hakina mtu wa kukohoa, kina Ndiyo na Hapana, basi ngoja, anabonyeza Ndiyo, kuangalia tu, kuangalia si kuwasilisha, na papo hapo kisanduku kinafunguka chini yake, Jina la marehemu, na nyota nyekundu, maana yake pasipojazwa huendi popote, umeona sasa, anasema mchora ramani kwa sauti ya chini, mkali kidogo, umeyataka, rudisha, rudisha Hapana, na mdogo wake hajaona, ameshika simu, anaongea na fundi mwashi… jina, jina gani, mama alisema yule, siku chache aliposema kitu alisema yule, baba hakusema hata hilo, na yeye ambaye shangazi zake humpigia kuuliza nani alizaliwa mwaka gani na nani alioa wapi, yeye asiyesahau, hapo ana kistari kitupu, hakupewa jina, hakukaa hata akapewa… Doto, anaita mchora ramani, hebu mwambie dada yako mtandao unakatika, Doto… na yeye analirudia kimoyomoyo, Doto, kwa sababu hilo jina ameliita yeye maisha yake yote, Doto njoo ule, Doto nawa miguu, Doto shuka huko utavunjika, na watoto wa shule walikuwa wakimchokoza, Kurwa wako umemficha wapi, naye akija nyumbani kuuliza anaambiwa jina tu hilo, nenda kacheze, kumbe nani huitwa Doto peke yake, Doto ni pacha wa pili, mlango ameshafunguliwa na mwenzake, hakuna aliyehitaji kukaa hata apewe, alikuja nalo, Kurwa, na kila walipomwita mmoja walikuwa wameita nusu… basi karatasi ile haikuwa heshima tu, ilimpa baba mahali pa kunyamazia, na yeye akairithi ile penseli bila kujua, akajidai anatunza kumbukumbu, na ni mashine hii isiyo na adabu, isiyojua hata kutazama chini, iliyokuwa ya kwanza kuuliza, anaitwa nani… na alichokuwa akiogopa si idara ya afya wala mvua, alikuwa akimwogopa huyu mdogo wake aliye nyuma yake, atakavyogeuza uso akijua… kijistari cha kuandikia bado kinawaka na kuzimika ndani ya kisanduku, hakuna kilichoandikwa, hakuna kilichotumwa, rudisha basi, dada, ananong'ona mchora ramani, na mdogo wake anauliza, fundi anasema aje kesho, nimwambie aje? na yeye anatoa mkono kwenye kipanya, anaufuta kwenye nguo, anajisogeza ukingoni mwa benchi hadi nusu yake inabaki wazi, mwambie asubiri, anasema, njoo ukae hapa, kuna swali sitakiwi kulijibu peke yangu, swali gani tena hilo, anasema mdogo wake, simu sikioni, kicheko bado kiko mdomoni…