Chuma cha Mpakani

Joakimu aling'oa mikonge ya mpakani mwezi mmoja tu baada ya kumzika kaka yake, na watu wa Endagikot wakamwambia mjane Gaudensia avumilie. Mwenye nguvu mpishe, mama. Ampishe aende wapi? Hatua kumi na mbili za shamba zilikuwa zimeliwa mchana kweupe, na ndizo zenye udongo. Kule juu alikobakishiwa ni mawe matupu.

Gaudensia hakupisha. Alikwenda baraza la kijiji akasema wazi: baba mkwe alipowagawia wanawe shamba, alifukia chuma cha plau kwenye kona ya mpaka, amekizungushia waya mara tatu, kwa sababu mkonge hung'olewa na jiwe husogezwa. Marehemu mumewe alikuwepo. Joakimu mwaka huo alikuwa Arusha akihangaikia kazi, naye alicheka mbele ya wazee.

"Hizo hadithi, shemeji. Kionyeshe hicho chuma."

Baraza likampa Gaudensia mpaka mwisho wa mwezi awe amekionyesha. Alichimba siku tatu, viganja vikatoka malengelenge, asikipate. Joakimu akapanda maharage juu ya mashimo yake na kumkataza kukanyaga. Ana uso mkavu yule.

Zikiwa zimebaki siku nne, Joakimu akaleta fundi kutoka Katesh, Zubery, na mashine ya kutafutia vitu vya chuma ardhini. Eti Mjerumani alipokimbia vita alifukia rupia za fedha humo. Rupia ambazo hajaziona yeye wala babu yake aliziamini. Chuma cha baba yake mzazi ndicho kilikuwa hadithi.

Gaudensia alishuka na jembe begani, amekuja kuwafukuza.

"Shikamoo, mama," Zubery akamwamkia.

"Marahaba. Hiyo inalia ikiona nini?"

"Rupia, chuma, hata msumari, mama."

Gaudensia akateremsha jembe.

"Rudi nyumbani, shemeji," Joakimu akasema. "Hapa si kwako."

"Nitasimama. Nami nataka kuziona hizo rupia."

Mashine ikalia mara ya kwanza, kukatoka kizibo cha soda. Ikalia tena, msumari. Walipofika katikati ya maharage ikalia mfululizo, haikati. Joakimu alimnyang'anya Zubery sululu akachimba mwenyewe, anang'oa maharage yake kwa mikono yake, jasho linamtiririka na ule ubaridi wote wa Mbulu. Shimo lilipofika magotini, sululu ikagonga kitu.

Kilikuwa chuma cha plau, cheusi kwa kutu. Waya ulikizunguka mara tatu.

Joakimu akainama kukivuta.

"Chuma chakavu tu hiki. Tukitupe, tuendelee."

Gaudensia alishaingia shimoni. Akakikanyaga kwa mguu mzima.

"Usikiguse. Kitakaa papo hapo alipokiweka baba yako."

Zubery akazima mashine.

"Shemeji," Joakimu akasema, sauti imeshuka, "haya ni mambo ya familia. Tuyamalize nyumbani."

"Barazani ulinicheka mbele ya watu. Tutayamaliza hukohuko." Akamgeukia Zubery. "Mwanangu, una simu. Nitakutajia namba ya mwenyekiti wa kijiji. Mwambie aje na wazee wake, mimi sitoki humu shimoni mpaka wafike."

Zubery akatoa simu. Joakimu alikuwa bado ameshika sululu, amesimama upande wa juu wa shimo.

"Na wewe sogea," Gaudensia akamwambia. "Umesimama kwangu."