Watoto wa Koboko Walioitwa Majina Mawili

Nakala ya ofisi ya orodha ya mgao wa chanjo ilifika Arua kwa basi la Kampala ikiwa imechelewa wiki tatu. Umaru aliusoma mstari wa Koboko mara mbili. Chanjo za surua kwa Arua, elfu nne na mia mbili. Kwa Koboko, sifuri.

Mwaka ule wa 1974 ni yeye na Jenifer tu pale ofisi ya afya ya wilaya waliojua kuandika programu. Kompyuta yenyewe ilikuwa Kampala. Wao waliandika kwa penseli kwenye karatasi za miraba, mashine ikagawa chanjo kwa idadi ya watoto. Lori lilifuata karatasi ya mashine. Na lilikwisha kupita.

Walitandaza karatasi zote mezani. Mashine haikupokea jina la zaidi ya herufi sita, hivyo idadi ya watoto wa Koboko Umaru aliiita WATKOB. Kwenye karatasi ya nne, kwa mwandiko wa Jenifer, iliitwa KOBWAT. Mashine haikulalamika. Iliona ni jina geni lisilo na kitu ndani, ikalihesabu kuwa sifuri.

"Mimi niliomba tupatane jina namna moja," Jenifer alisema, machozi yakimtoka. "Ukasema kila mutu aandike vile anapenda."

Ni kweli Umaru alisema hivyo. Tena alicheka.

Mlango ukafunguliwa. Zulaika, dada yake, aliingia kutoka Koboko na mwanawe Asuman mgongoni, macho ya mtoto mekundu, vipele mpaka shingoni.

"Umaru, wewe nasema lori inakuja. Watu iko wengi kliniki, sindano hapana. Iko wapi?"

Umaru alimsihi Jenifer awapeleke hospitali ya Kuluva, mwenyewe akakimbilia simu. Laini ya Kampala ilikuwa imekatika. Akakimbia hadi ghala la chanjo, akampigia magoti daktari wa wilaya.

"Nipe zilizobaki za Arua."

"Karatasi inasema Koboko haihitaji."

"Karatasi niliandika mimi, Daktari. Nimekosea. Watoto wanakufa."

Alipewa mia nane, ndani ya masanduku ya barafu. Kesho yake kule Koboko, saa tano zilikuwa zimekwisha, na mstari wa akina mama bado ulizunguka kliniki. Aliwaambia warudi nyumbani. Wengi hawakuondoka, walikaa chini na watoto wao wakimtazama.

Asuman alifariki Alhamisi.

Matangani Umaru alimweleza dada yake yote: karatasi, lile jina, Jenifer alivyoomba na yeye alivyocheka. Zulaika alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto yangu jina yake iko Asuman," alisema. "Hiyo ingine usiniambie tena."

Akageukia ukutani. Umaru akabaki amekaa mkekani, hajui aondoke au akae.