Ukurasa wa Ruthu

Kazi yangu hapa Ipagala, kwenye duka langu la uchapaji, ni kuwabana marehemu. Watu huniletea wasifu wa mzee wao, madaftari mazima ya shule alizosoma na vyeo alivyoshika, na wanataka uingie kwenye ukurasa mmoja wa ratiba ya mazishi. Napunguza nafasi kati ya mistari, nasogeza herufi, nabana tena mpaka mzee wa watu anaenea. Wakilalamika kwamba hausomeki, huwa nawatania: mngemwambia aishi kidogo.

Msiba ulipokuwa kwangu nilifungua duka mwenyewe. Alikuwa Ruthu, binti yetu, hata chekechea hajaanza. Homa ilimpanda, tukachelewa. Joel, kaka yake mke wangu, alinifuata.

“Shemeji, mfiwa hashiki kazi. Mpe mtu mwingine.”

“Mwingine hajui kupanga.”

Sikuwa nimelia. Mwili wote ulikuwa na ganzi, vidole tu ndivyo vilivyojua la kufanya. Niliandika kuzaliwa, kubatizwa, kuugua. Nikaongeza kwamba alipenda karanga, na kwamba aliwaamkia shikamoo hata mbuzi. Yakaisha. Mistari ilikaa juu, chini kote kukabaki kweupe, na ule weupe ukanikasirisha. Wazee wa watu wanajaza ukurasa, mwanangu asijaze?

“Tuweke zaburi,” alisema Joel. “Au majina ya wajomba na mashangazi.”

“Ukurasa huu ni wake peke yake.”

Nikapanua nafasi kati ya mistari, nikapanua tena. Herufi za jina lake nikaziachanisha mpaka zikakaribia ukingo, halafu nikazirudisha kidogo, maana zikitengana mno jina halionekani tena kuwa la mtu. Mwishowe mstari wa mwisho ukagusa chini. Nilichapa, nikautazama. Sijawahi kupanga ukurasa mzuri kama ule, na niliridhika, Mungu anisamehe.

Makaburini Joel ndiye aliyesoma. Wasifu ukitangazwa, watu wa kwetu hujiweka sawa, wazee wanaegemea fimbo, kwa kuwa wamezoea kusikiliza kwa muda mrefu. Mama yangu alifungua pochi kutafuta miwani. Joel alisoma polepole, nadhani alinihurumia. Akafika kwenye mbuzi. Akageuza karatasi, akakuta nyimbo, akaigeuza tena na kunitazama. Kwenye karatasi nilikuwa nimejaza kila mahali, lakini zile nafasi hazikuwa na kitu cha kusomwa.

Mama akaipata miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa.

“Ameanza?” aliniuliza.

“Ameshamaliza, mama,” nikamjibu, na ganzi ikaniachia pale pale, mbele za watu.