Mpaka Ilale

Siku ile mjinga alikuwa Mutsinzi, na tuliseme mapema kabla yeye mwenyewe hajaanza kumtafuta mwingine wa kumvika cheo hicho. Gari la marehemu baba yake, Pijo 504 ya rangi ya maziwa, ndilo lililopangwa kumpeleka mpwa wake Kaliza kanisani kuolewa Jumamosi. Tatizo lilikuwa menifoldi, kile chuma chenye vidole kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye bomba. Ilikuwa inavuja. Gari likitembea lilipiga tak-tak-tak kama cherehani, na aliyepanda alishuka macho mekundu kama ametoka msibani.

Mutsinzi aliifungua mwenyewe uani kwake Busanza, akapachika gasketi mpya ya kuziba mwanya, kisha akampigia simu rafiki yake Bigirimana, Mrundi mwenye gereji Nyabugogo.

"Sawa," akasema Bigirimana. "Ila bolti usikaze mpaka ilale."

Mutsinzi, mtoto wa Bukoba, ambaye hakuchoka kumcheka mwenzake kwa Kiswahili chake, alielewa vizuri kabisa. Akalifunika gari shuka, akaliacha lilale. Asubuhi akaona limelala vya kutosha, akashika spana, akakaza kwa nguvu zake zote. Chuma kikalia ka. Ufa ukaanzia kwenye tundu la bolti mpaka katikati.

Alivyofoka kwenye simu, majirani walipata habari kabla ya fundi. Bigirimana alipofika na rula yake ya chuma, Mutsinzi alikuwa bado analizunguka gari.

"Umeniharibia gari, Bigirimana. Umeniharibia harusi."

"Mimi? Mkono wangu ulifika hapa saa ngapi?"

"Ulisema ilale. Imelala. Imelala usiku mzima, na shuka la mke wangu juu."

Bigirimana akalitazama lile shuka, kisha akakaa kwenye tairi kuukuu, akicheka. Alipopata pumzi akaifungua menifoldi, akailaza rula juu ya uso wa chuma hicho, akavinyanyua vyote viwili kuelekea juani. Mwanga ukapenya katikati.

"Ona, sha. Iko imepinda. Nilisema ilale juu ya injini, ikae sawasawa, hakuna mwanya. Kwanza unaisugua, ndiyo unakaza. Wewe umeibembeleza."

"Basi mtu aseme isawazishwe. Kiswahili kina maneno, au huko kwenu mliyapunguza?"

"Huko kwetu gari haipewi shuka."

Kaliza na mama yake, Connie, waliokuwa wameleta riboni za kulipamba gari, walisimama kando wakisikiliza.

"Kaka, jirani yetu ametoa lake," Connie akasema taratibu. "Jeupe. Lina kiyoyozi."

Hapo Mutsinzi akawaka upya. La jirani? Mjukuu wa mzee aingie kanisani kwa gari la mtu aliyelinunua juzi? Ufa utachomelewa, madirisha yataachwa wazi, atakayekohoa na akohoe.

"Gari hii," akamwambia Kaliza akipiga boneti kwa kiganja, "ndiyo iliyomleta mama yako kutoka Bukoba, mlima kwa mlima, na haikumfanya kitu."

Kaliza akaanza kuzikunja riboni.

"Kweli, mjomba," akasema. "Lakini siku zile ulikuwa bado hujaigusa."