Siku Shamimu Alipokikalisha Kilima

Tunduma ukisikia king'ora hukimbii, unakifuata. Huenda ni msafara wa mkubwa, huenda ni lori limelala barabarani na sukari ya watu, na mwenye ndoo ndiye anayewahi. Ndivyo tulivyozoea, na kwa mazoea hayohayo nusura tumharibie maisha Shamimu, binti wa Mzee Zahoro muuza spea.

Sisi wa mtaa wa Chapwa tulimwita Baruti tangu akiwa mdogo. Kila Idd ikikaribia alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, na akiba yake kununua fataki. Wenzake walizilipua zote kwa pupa, jioni moja zimekwisha, wanaanza kuombana. Yeye alizipanga: hii itangulie, hii ifuate, na watoto wakae wapi ndipo waone. Mwaka mmoja cheche ikadandia turubai la duka la baba yake, likaungua nusu. Mzee Zahoro akamfungia ndani sikukuu nzima, na kuanzia hapo wimbo wake ukawa mmoja: moto si kazi ya mtu, kazi ni duka.

Ikaja barabara ya Sumbawanga. Kampuni ya ujenzi ikataka kokoto, ikaanza kupasua kile kilima cha mawe nyuma ya mtaa wetu. Shamimu akaomba kibarua cha kushika bendera nyekundu. Fundi mlipuaji alikuwa Mzee Ndalahwa, Msukuma aliyezeekea kwenye migodi ya kanda ya ziwa, sikio moja zito. Siku moja alimwona yule binti hazibi masikio wala hainami kama wenzake.

"We binti, unatazama nini?"

"Natazama jiwe la kwanza linaelekea wapi."

Mzee akamchukua. Akamfundisha, kampuni ikampeleka kozi, akarudi na kofia ngumu na maneno mapya. Ikabaki hatua moja: alipue mwamba yeye mwenyewe mbele ya mkaguzi kutoka Mbeya. Akifaulu anapata cheti, na kwa kuwa Ndalahwa alikuwa anarudi kwao kupumzika, nafasi ni yake. Akishindwa anaingia dukani kuuza spea, na hazungumzii tena moto. Hayo aliahidiana na baba yake kwangu, kwenye banda langu la chai, watu wamejaa, kwa hiyo kila mtu ni shahidi.

Mkaguzi akaja Jumatano. Mtu mpole, shati limepigwa pasi. Akasema kabla baruti haijatoka stoo, kwanza aone eneo linavyoachwa wazi. Shamimu akabonyeza king'ora.

Jamani, watu walitoka. Ila badala ya kuondoka, walipanda. Kina mama na watoto mgongoni, vijana na ndoo, muuza karanga na sinia lake. Yonathani wa bodaboda alipakia abiria wawili mpaka chini ya mwamba wenyewe. Mimi nami, nisiwadanganye, nilifunga banda nikaenda.

Mkaguzi akamgeukia Shamimu.

"Leo hapalipuliwi kitu. Nitarudi Jumamosi. Nikikuta hivi, cheti hakuna, na kilima chenyewe nitashauri kifungwe."

Jioni ile banda langu halikuwa na pa kuweka mguu. Kila mtu alikuwa na dawa yake.

"Waletwe askari na virungu," akasema Yonathani.

"Wewe ndiye wa kwanza kupigwa," nikamwambia. "Ulikuwa chini ya mwamba na pikipiki."

"Basi mabomu ya machozi."

"Hayo nayo utakuja kuyaangalia," akasema Shamimu, na watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mzee Zahoro alikuwa pembeni anakoroga chai isiyo na sukari. "Jumapili nakukabidhi funguo za duka," akasema. "Usijisumbue, mwanangu. Watu wa hapa hawafukuziki."

Shamimu akamtazama baba yake kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Baba, rudia."

"Nimesema hawafukuziki."

"Kweli hawafukuziki. Mimi mwenyewe ulinifukuza kwenye moto, nimekwenda wapi?" Akasogeza kikombe. "Mama Twaibu, ukitaka mtaa mzima ujue jambo, unafanyaje?"

"Nawaambia watu watatu," nikasema, "nawaapisha wasimwambie mtu."

"Basi waambie hivi: kule juu hupati kitu, utaona vumbi tu. Anayetaka kukiona kilima kizima kinavyoshuka, akae uwanja wa shule, ng'ambo ya korongo. Na ni kweli, nimepapima. Jiwe halifiki pale, na jicho linaona kila kitu."

Mzee Ndalahwa, aliyekuwa amegeuza sikio lake zima, akagonga meza. "Miaka yote mimi nimefukuza watu," akasema. "Huyu anawapa viti."

Niliwaambia watu wangu watatu. Alhamisi mchana mteja wangu Mzambia alishuka kwenye lori lake, hata salamu hajamaliza, "Mulishani bamayo, ule uwanja wa kuonea mlima uko wapi?" Nikajua kazi imekwisha.

Ijumaa baada ya swala nikamwona Mzee Zahoro anapakia maturubai kwenye Fuso yake, na mabenchi ya madrasa. Nikamuuliza kama anahama.

"Watoto wa watu watakaa juani?" akanijibu kwa hasira. "Akishindwa ashindwe kwa sababu yake, si kwa sababu ya jua."

Jumamosi king'ora kilipolia, Chapwa ilishuka korongoni kama inakwenda harusini. Mikeka, vibuyu vya togwa, redio. Wenye maduka walibana makufuli, na mwenyekiti wa mtaa akaacha mgambo kwenye njia zote, nje ya mstari wa bendera. Nilipeleka chapati kwa beseni mbili. Ndalahwa na washika bendera walipita nyumba kwa nyumba, kisha mzee akainua mkono: pako wazi. Mwamba ulikuwa umeshapakiwa baruti. Mkaguzi alisimama na Shamimu kwenye kibanda cha kulipulia, kidole chake binti kiko tayari.

Akakiondoa.

"Nyumba ya Bibi Loisi, ile ya chini ya kilima, inatoa moshi," akasema.

Ndalahwa alisema amepita, amebisha, hakujibiwa. Wingu jeusi lilikuwa linajikusanya upande wa Mbozi, na mvua na baruti haviaminiani. Pale uwanjani watu wakaanza kunung'unika. Yonathani akasema, "Mnaona, anaogopa," na safari hii Mzee Zahoro akamgeukia akamwambia afunge mdomo.

Shamimu alimwachia Ndalahwa ufunguo wa mashine ya kulipulia, akashuka kwa miguu. Tulimwona akiingia kwa Bibi Loisi, na hatukumwona kutoka. Wingu likasogea. Baadaye nikaambiwa yaliyosemwa mle ndani. Bibi hakuwa kiziwi wala mkaidi. Kuku wake alikuwa amelalia mayai, naye aliogopa kuitika asije akamshtua.

"Siwezi kumwacha," akasema bibi. "Akishtuka, mayai yanaharibika."

"Basi twende naye."

"Akihamishwa na mtu mwenye haraka, atasusa."

"Sina haraka, bibi. Nipe hilo tenga."

Wakatokea: bibi na fimbo yake mbele, nyuma yake mlipuaji wa kampuni kwenye kofia ngumu, amebeba tenga la kuku kwa mikono miwili, anatembea taratibu kama amebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Uwanja mzima ulicheka mpaka redio hazikusikika. Akaliweka tenga chini ya turubai la baba yake, akalifunika kwa khanga yangu, akarudi kilimani bila kumtazama mtu.

King'ora kikalia mara ya mwisho. Kwanza nilisikia nyayoni, benchi likatetemeka. Kisha tumbo la kilima likavimba, mpasuko ukakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, safu kwa safu, kila moja ikisubiri zamu yake, na mwamba wote ukakaa chini kama mama mnene aliyechoka sokoni. Ndipo mlio ukatufikia. Vumbi likapanda, upepo ukalisukuma kule porini, na hakuna jiwe hata moja lililovuka bendera.

Halafu vigelegele vikaanza upande wa kina mama, honi za malori zikaitikia barabarani, na Bibi Loisi akafunua khanga kidogo akatangaza kwamba kuku bado amelalia.

Shamimu alikagua mwamba hatua kwa hatua kabla ya kuruhusu mtu asogee. Mvua ilikuwa imeanza waliposhuka na mkaguzi uwanjani. Mkaguzi akapewa chapati, akaila yote kwanza.

"Nimekagua walipuaji wengi," akasema, watu wamemzunguka. "Huyu amekuwa tayari kupoteza cheti kwa sababu ya moshi wa jiko. Kwa hiyo namsainia." Akamgeukia. "Na huu uwanja utumike kila mkilipua."

Hapo mvua ilitunyeshea na hatukujali. Ndalahwa alivua kipenga chake cha kazi akamvisha Shamimu shingoni. Yonathani akajitolea kumrudisha Bibi Loisi na kuku wake, bibi akakataa, akasema anaendesha kwa haraka.

Mzee Zahoro alisubiri watu wapungue. Alikuwa amelowa, turubai alimwachia kuku.

"Jumatatu mnalipua tena?" akamuuliza binti yake.

"Tunalipua, baba. Saa nane mchana."

"Saa nane." Akafikiri. "Duka nitafunga saa saba basi. Benchi la mbele usimpe mtu."