Chai ya Mara ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, kamba ya kiatu cha Nasro ilifunguka mahali palepale: chini ya dirisha la darasa la uchoraji. Aliinama, akaifunga polepole, huku macho yake yakipanda juu ya ukingo wa dirisha. Ndani mlikuwa na harufu ya rangi, na wanafunzi waliokuwa wakichora kwa mkaa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akishashiba kutazama, alinyanyuka, akaweka sawa mtandio wake, akaenda kwenye somo la Uhasibu.

Asubuhi hiyo dirisha lilifunguliwa ghafla, nusura limgonge kwenye paji la uso.

"Wewe msichana," akasema Mwalimu Macharia, mwalimu wa uchoraji, kichwa nje na kipande cha mkaa sikioni. "Hiyo kiatu yako iko na shida gani? Kila siku inafunguka hapa. Huko mbele ya ofisi ya mkuu haifunguki?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nasro akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Samahani, mwalimu."

"Samahani ya nini? Ingia basi."

"Hapana, mwalimu. Asante. Niko sawa."

Macharia akamtazama kidogo. "Haya. Lakini kama ni darasa unataka, mwisho wa kubadilisha masomo ni leo saa kumi. Ongea na mshauri wako."

Dirisha likafungwa. Nasro hakuondoka. Alibaki ameinama pale, kamba ya kiatu mkononi, akingoja lifunguliwe tena. Halikufunguliwa.

Chuo chao kilikuwa kidogo, majengo machache ya mawe pembeni mwa Kitengela, na mwaka huo wa 2003 nyuma ya ua palikuwa bado ni mbuga tupu. Asubuhi nyingine nyumbu walikula nyasi karibu kabisa na nguo za wanafunzi zilizoanikwa. Hakikuwa chuo cha kumwingiza mtu moja kwa moja kwenye kazi fulani. Mwaka wa kwanza mwanafunzi alionja: historia kidogo, hesabu kidogo, lugha, sanaa, ndipo aamue njia yake. Na ili asipotee katikati ya hayo yote, kila mgeni alipewa mwalimu mmoja wa kumshauri.

Mshauri wa Nasro alikuwa Mwalimu Caren Aketch, mwanamke mrefu wa Yala, mwenye sauti ya chini, ambaye alimsikiliza mtu akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Siku ya kwanza alimuuliza Nasro swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza.

"Wewe mwenyewe unapenda nini? Naona shuleni ulifanya vizuri sana kwa kuchora. Nikuweke kwa Macharia?"

Moyo wa Nasro uliruka. Lakini mdomo wake ulijua kazi yake.

"Hapana, mwalimu. Usijisumbue. Chochote tu ni sawa."

Mwalimu Aketch akaitikia kwa kichwa, kwa upole. "Sawa. Mimi sitamlazimisha mtu. Hapa ni wewe unachagua." Akamwandikia Uhasibu, akamtakia mema, akamwita mwanafunzi mwingine.

Nasro alitoka akiwa ameduwaa kama mtu aliyeona sahani ikiondolewa mezani kabla hajanawa mikono.

Maana kwao, katika nyumba ya Kisomali nyuma ya duka la kaka yake, mambo hayakwenda hivyo. Jumapili iliyopita tu alikuwa amekuja Sadiyo, jirani yao muuza vitambaa. Mama yake Nasro, Fosiya, alimkaribisha chai.

"Wallahi nimeshiba," Sadiyo akasema, huku akikaa karibu na birika.

"Kikombe kimoja tu."

"Usijisumbue, dada yangu. Nimetoka kunywa sasa hivi."

"Sadiyo, nitakasirika!"

"Haya basi, kidogo. Kwa ajili yako tu."

Akanywa vikombe vitatu, na sambusa juu.

Hivyo ndivyo Nasro alivyolelewa. Mwenye kukubali mara ya kwanza ni mlafi. Hapana ya kwanza ni haya, ya pili ni heshima, na ya tatu ndipo mtu husema la moyoni. Kazi ya mwenyeji ni kuendelea kuuliza. Kwa hiyo Nasro alingoja. Alimngoja Mwalimu Aketch amwite tena. Nyumbani alimngoja kaka yake Mohamud, aliyemuuliza mara moja akipanga sukari kwenye rafu, "Umechukua masomo gani?" na aliposikia Uhasibu akasema tu, "Safi. Mimi sikusoma, abayo, dada yangu. Wewe ndiyo unajua unataka nini." Kisha akamgeukia mteja.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuhitaji kumuuliza. Baba yake, Dirie, alikuwa akifanya biashara ya ng'ombe, na alipokuwa hai alimchukua Nasro mpaka mnadani Kajiado wakati wa likizo. Wateja wakichelewa, alichuchumaa, akaanza kuchora kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo yake. Pembe, nundu, mgongo, mkia, mstari mmoja bila kuinua fimbo, na ng'ombe huyo hapo, kama anayetaka kunyanyuka. Wamasai waliokuwa karibu walimtambua mnyama na mwenye mnyama. Kisha baba, bila neno, alimpa Nasro fimbo. Upepo ukifuta mchoro, walianza mwingine.

Tangu baba afariki, Nasro hakuchora vumbini tena. Lakini wiki ya kwanza chuoni, chini ya lile dirisha, alimsikia Macharia akiwaambia wanafunzi, "Mstari mmoja. Usiinue mkono." Tangu siku hiyo kamba ya kiatu chake haikutulia.

Saa tisa na nusu alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Aketch.

"Nasro! Karibu, kaa. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hatujambo sote, mwalimu."

Mwalimu akafungua chupa ya chai. Mvuke ulitoka na harufu ya tangawizi. Nasro hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri.

"Chai?"

"Hapana, mwalimu. Asante. Nimeshiba."

"Sawa." Mwalimu akajimiminia kikombe chake, akafunga chupa, akaiweka chini ya meza.

Nasro akaitazama ile chupa ikishuka. Akamtazama mwalimu, uso wake mwema, usio na kinyongo wala haraka. Huyu mtu hakumnyima. Alikuwa amemwamini tu. Alichukua neno lake kama lilivyotoka, akaliheshimu, na angeendelea kuliheshimu hivyo mpaka Nasro amalize chuo na Uhasibu wake, bila kumuuliza tena.

"Ehe, mama. Umekuja na nini?"

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia kumi.

"Mwalimu," Nasro akasema, akiangalia vidole vyake. "Nitakunywa hiyo chai."

Mwalimu Aketch akacheka kwa mshangao. "Si umesema umeshiba?"

"Kwetu mtu anasema hivyo. Halafu anaulizwa tena."

"Mara ngapi?"

"Mpaka akubali."

Mwalimu akaweka kikombe chini polepole. "Ala! Kwetu Yala mgeni haulizwi hata. Anawekewa tu. Hapa chuoni ndipo niliambiwa niulize, na nikijibiwa niamini." Akainama kutoa chupa, kisha akasita, kichwa upande mmoja, na uso wake ukabadilika. "Nasro. Siku ile. Ulisema hapana."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akafungua mdomo kuuliza tena. Nasro akaona swali lile likija, lile alilolingoja wiki zote hizo, na kwa mara ya kwanza hakutaka kulingoja. Akainua macho.

"Nataka kuchora," akasema, na sauti yake ikajaa chumba kuliko alivyodhani. "Hakuna kitu kingine ninataka. Nataka kuchora."