Kindi wa Nyumba ya Kumi na Moja

Usiku wa jana niliota sina viatu, sina miwani, sina meno ya mbele, sina mahali pa kukaa na sina nguvu ya kusimama. Nilichokuwa nacho ni muhuri wangu wa ubalozi wa nyumba kumi. Ulikuwa mfukoni, unakoroma.

Niko ofisi ya kata. Mara ofisi imekuwa msitu ulio juu ya kijiji chetu, huku Usambara, ila mabenchi yamebaki, kila moja na kibao chake. Kwenye "Wasio na Wasiwasi" wamekaa panya, wanatafuna mihogo. Kwenye "Walio Hatarini" wamebanana vyura, wengine wamepakatana. Benchi la "Waliotoweka" ni tupu, tena limefutwa vumbi.

"Karibu, mzee," linaniambia. "Kwangu hakuna anayekuamsha."

"Ahsante. Bado kidogo."

Kusema kweli, magoti yangu yalikwisha kukubali.

Juu yangu ananing'inia kindi. Ni yule arukaye, mwenye ngozi kati ya mkono na mguu, anayeteleza hewani kutoka mti hadi mti. Lakini hajakamilika. Ana uso na hiyo ngozi. Kwingine kote ni hewa.

"Mkia wako uko wapi?"

"Haujathibitishwa, babu. Hakuna aliyeandika kwamba ameuona. Kwa wenye vitabu vya kuorodhesha wanyama, hali yangu ni 'Taarifa Hazitoshi.' Basi na mimi sitoshi."

"Unataka nini kwangu?"

"Barua ya utambulisho. Nakaa kwenye tundu la mti ule." Mti ule mkubwa una alama nyekundu ya wakataji. "Kukicha wanauangusha. Wanasema hauna mkazi anayejulikana."

"Mimi ni balozi wa nyumba kumi, na kumi zangu zimejaa."

"Mimi nitakuwa ya kumi na moja."

"Hakuna kitu kama hicho."

Benchi la Waliotoweka linapiga hatua moja kumsogelea.

Naketi juu ya kisiki, natoa kalamu. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, jioni baada ya jembe, na herufi zangu husimama wima hata siku ambazo mimi mwenyewe nimepinda. Naandika: "Mleta barua hii ni mkazi wangu. Namfahamu."

Muhuri unaamka. "Sigongi hapo. Unamfahamu kwa lipi?"

"Nimemwona."

"Umeona uso. Hata mwenyekiti wa kijiji ana uso. Mtu mzima wewe, usinipake wino kwa mambo ya kusikia."

Vyura wanacheka. Mmoja anasema, "Mwacheni babu wa watu, kachoka."

"Sijachoka," nasema, na nimechoka mpaka kwenye kope.

Nanyanyua mkono, nautia pale penye hewa. Nagusa manyoya. Nageuza kiganja, chini ya manyoya kuna magamba makavu, makali, yamepangana kama vigae, ya kujishikizia kwenye gome.

Naandika: "Ana mkia. Chini ya mkia ana magamba." Mkia unatokea. Mgongo nao unafuata, kisha miguu ya nyuma. Kindi anajitazama.

"Kumbe mimi mzito hivi!"

Benchi linarudi nyuma, linanung'unika. Nainua muhuri nigonge.

"Baba Singano! Unagombana na nani asubuhi yote hii?"

Ni mke wangu, yuko mlangoni, amejifunga khanga kiunoni.

"Wakata miti wamefika," akasema. "Wameweka misumeno chini, wanakunywa chai kwa mama Hoza. Wanakwenda kuangusha ule mti mkubwa wenye tundu."

Ngumi yangu ya kulia ilikuwa bado imefumbwa. Nikaifumbua. Ndani yake mlikuwa na gamba moja, kavu, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

Nikaketi nikaandika barua ileile, neno kwa neno. Nikagonga muhuri, nao haukusema kitu. Nikatia gamba kwenye bahasha, nikaramba gundi, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika.

"Mpelekee bwana misitu, mkononi mwake. Ukipita kwa mama Hoza, mwambie awaongeze hao vijana chai. Na maandazi."

"Barua ya nani hii?"

"Ya jirani."

Akaniangalia, akaifunga kwenye pindo la khanga, akatoka mbio bila hata kuvaa ndala.